Motokaa ya Paa la Kufunguka na Mawingu ya Salalah

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kuziendesha pepo na mawingu apendavyo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba wake wote.

Amma baad. Kijana mmoja niliyemsomesha Kurani tangu alifu mpaka akahitimu, na ambaye siku hizi yuko Maskati kwa kazi, ameniletea swali kwa simu, akaniruhusu kulijibu hapa ili wafaidike na wengine. Yeye na wenzake watatu wamezoea kukodi motokaa kila mwaka wakaenda Salalah wakati wa kharifu. Safari hii wameahidiwa motokaa ambayo paa lake hukunjwa likalazwa nyuma, na wapandao wakabaki chini ya mbingu tupu. "Maalim," aniuliza, "kuendesha gari la namna hii ni israfu? Na mvua ikitukuta njiani, tufunge paa au tuendelee tu, maana wenzangu wasema mvua haiingii ndani madhali gari lakwenda mbio?"

Maswali ni mawili. La kwanza huulizwa sana, na jibu lake si refu. La pili laonekana kama jambo la mchezo, na hilo ndilo zito, kwa kuwa ndani yake mna roho za watu wanne na za wengine watakaokutana nao njiani.

Tuanze na la kwanza. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuviharimisha, na kufunguka kwa paa si dalili. Lau kupanda chombo kisicho na paa kungekuwa dhambi, wangedhambika wazee wetu wote waliopanda punda, ngamia na mashua. Tena motokaa zenyewe zilipoanza zilikuwa wazi. Ile ya Mjerumani Karl Benz ya mwaka 1886 haikuwa na paa wala kioo cha mbele, na kwa muda wa zaidi ya miaka 30 baada yake motokaa nyingi za Ulaya na Marekani zilikuwa na turubali tu, la kuvutwa mvua inyeshapo. Katika miaka ya 1920 motokaa zilizofunikwa moja kwa moja zilishuka bei, watu wakazipenda kwa sababu ya vumbi na baridi, na ile iliyo wazi, iliyokuwa ya kila mtu, ikageuka kuwa kitu cha anasa. Wakatafuta hila ya kuyapata yote mawili. Mwaka 1934 kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ikatoa motokaa yenye paa la chuma linaloingia lenyewe nyuma, na aliyeibuni hila hiyo, Georges Paulin, alikuwa daktari wa meno! Mwanadamu akitaka starehe hachoki kufikiri.

Basi uharamu hauko katika paa. Uko, ukiwapo, katika moyo wa mwenye kulifungua na katika mfuko wake. Sura al-Qasas yatusimulia habari za Karuni, jinsi alivyowatokea watu wake na mapambo yake, na wenye kuipenda dunia wakatamani wangepewa mfano wa alivyopewa yeye. Ubaya wa Karuni haukuwa katika farasi wala nguo. Alitoka ili aonwe. Kijana anayefungua paa mjini, mbele ya baraza za watu, na muziki juu, halafu akifika njia tupu akalifunga kwa kuogopa vumbi, huyo ajihesabu mwenyewe. Na fedha ya kodi nayo ina hesabu yake. Ikiwa mama yake huku kwetu anangoja posho ya mwezi na haijafika, na yeye amelipa mara mbili ya kodi ya gari la kawaida apate kupigwa upepo wa kichwa, hiyo ni israfu, hata kama gari lenyewe ni halali. Ikiwa haki za watu zimetoka, na safari ni ya kuitazama kudura ya Mola, sioni la kumkataza.

Ama swali la pili, ili tulifahamu yatupasa kwanza tuijue Salalah na hewa yake, kwani hewa hiyo ni jamaa ya hewa yetu.

Salalah ni mji wa jimbo la Dhofar, kusini mwa Oman, kandokando ya bahari hii hii tuitazamayo sisi kila asubuhi. Msafiri Ibn Battuta alipoondoka Kilwa, mnamo mwaka 1331, alipanda chombo kilichompeleka Dhofar, na hapana upepo wa kukipeleka chombo upande huo kutoka kwetu ila kusi. Basi kusi hiyo tunayoijua, inayotuletea kipupwe na kutufanya tujitande mashuka wakati wa alfajiri, hufika pwani ya Arabuni katika mwezi wa Juni na Julai ikiwa imekomaa na yenye nguvu nyingi mno. Manahodha wa zamani wakilijua hilo. Waliokuwa wakirejea Arabuni waliondoka mapema, kabla kusi haijashika, au wakangoja ilegee kuelekea demani, kwa kuihofia pwani ile katikati ya majira.

Kusi hiyo, ipitapo mbele ya Dhofar, huyasukuma maji ya juu yakaiacha pwani, na mahali pake hupanda maji ya baridi kutoka vilindini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa, ikawa ukungu na mawingu mazito ya chini chini. Na juu ya mawingu hayo imelala hewa ya jangwani, kavu na ya moto, kama kawa lililofunika sahani. Mawingu hayana njia ya kupanda. Hujikusanya, yakasukumwa na upepo mpaka kwenye milima iliyo nyuma ya mji, yakanyunyiza rasharasha usiku na mchana. Milima ile, ambayo miezi mingine huwa mikavu kama kifuu, hufunikwa na majani mabichi, na maji huporomoka katika Wadi Darbat. Watu wa Ghuba yote huja kuitazama neema hiyo, kwa kuwa makwao joto limepita digrii 40, na Salalah ni digrii 25 hivi. Hiyo ndiyo kharifu, ambayo huhesabiwa kuanzia tarehe 21 Juni hadi tarehe 21 Septemba.

Sasa mtazameni mwenye kuja kwa njia ya bara. Kutoka Maskati ni kama kilomita 1,000. Hupita Nizwa na Adam na Haima, na sehemu kubwa ya njia ni jangwa sawa, halina mti wala kilima, jua lapiga kichwani na anga ni jeupe. Kwa saa nyingi dereva haoni wingu hata moja. Akiisha kupita Thumrait hubakiwa na kilomita 80 hivi. Njiani hukutana na bonde la Wadi Dawkah lenye miti ya ubani, ambalo tangu mwaka 2000 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ubani huu tunaoufukiza majumbani, tukaujua kwa harufu tu, mti wake unapenda kukaa pale, nyuma ya milima, mahali ambapo manyunyu ya kharifu hayafiki. Mwenye kuiona miti hiyo na ajue kuwa yungali upande mkavu. Kisha njia hupanda kidogo, na inapoanza kuteremka kuelekea baharini, ghafla kuna ukungu. Mpaka wake ni kama ukuta. Katika muda wa dakika chache mtu hutoka katika jua la jangwa akaingia katika wingu lenyewe, barabara imelowa, na gari lililo mbele yake halionekani ila taa zake mbili nyekundu, au lisionekane kabisa.

Hapo ndipo linapokuja lile neno la wenzake, kwamba mvua haiingii madhali gari lakwenda mbio. Neno hilo ni kweli, na ukweli wake ndio hatari yake.

Kioo cha mbele kimelazwa kwa namna ambayo upepo hukipanda ukaruka juu ya vichwa vya wapandao, na matone huruka pamoja nao. Gari likienda kwa kasi katika rasharasha, waliomo ndani hukaa wakavu, wakacheka. Likipunguza mwendo, matone huwaangukia. Likisimama, hulowa wote. Fikirini basi jinsi mambo yalivyopinduka! Katika motokaa ya kawaida mvua humwambia dereva apunguze mwendo, naye hana sababu ya kukataa. Katika motokaa iliyo wazi, mvua humwadhibu anayepunguza na humtunza anayekimbia. Barabara yasema polepole, na nguo zasema haraka. Na kijana aliyevaa kanzu mpya au aliyeweka simu yake juu ya kiti atawasikiliza nani?

Na barabara ile ni mbaya zaidi katika rasharasha ya kwanza kuliko katika mvua kubwa. Vumbi na mafuta yaliyolala juu ya lami huchanganyika na maji machache yakawa utelezi, na hayana wingi wa kusafika. Tena Dhofar ni nchi ya wafugaji. Ng'ombe na ngamia hutembea mlimani kutafuta majani, na huvuka njia bila ya kuangalia kulia wala kushoto. Ngamia ana miguu mirefu na myembamba, na uzito wake wote uko juu. Gari likimgonga, humkata miguu, na kiwiliwili humwangukia dereva kupitia kioo na paa. Waliopata kuona ajali hizo katika gari zenye paa la chuma husimulia kwa huzuni. Katika gari lisilo na paa sina haja ya kueleza.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni kwamba paa lifungwe, na lifungwe kabla ya mvua. Anayengoja tone la kwanza ndipo akumbuke kulifunga, amekwisha kuchelewa, kwa sababu tone la kwanza litamkuta akiwa mbioni, na atataka kuendelea kukimbia.

Wako watakaosema, "Maalim, mvua ni rehema, mbona watuogopesha nayo?" Kweli ni rehema, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuipokea. Katika Sahihi ya Imam Muslim, Anas bin Malik asimulia kuwa mvua iliwanyeshea wakiwa pamoja naye, naye akaifunua nguo yake mwilini mpaka maji yakamfikia. Walipomuuliza sababu, akawaeleza kwamba maji yale yalikuwa yametoka karibuni kwa Mola wake. Tazameni mapenzi hayo! Mtu mzima, kiongozi wa umma, afungua nguo yake ili aguswe na mvua. Mwenye kufungua paa la motokaa yake kwa nia ya namna hiyo, akasimama mahali pa salama, akainua uso wake, simlaumu. Namwonea wivu mwema.

Lakini aliyefanya hayo ndiye yeye aliyekuwa, wingu likitanda na upepo ukivuma, hageuki rangi mwingine kama alivyogeuka yeye. Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, amesimulia, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba alipoliona wingu mbinguni uso wake ulibadilika, akawa aingia na kutoka, aenda mbele na kurudi nyuma, mpaka mvua iliponyesha ndipo moyo wake ukatulia. Bibi Aisha akamuuliza, na jibu lake likawa kuwakumbuka watu wa Adi. Hao ndio watu wa Nabii Hud, ambao habari zao zimo katika Sura al-Ahqaf: waliona wingu likiyaelekea mabonde yao, wakafurahi wakidhani ni mvua, kumbe ndani yake mlikuwa na upepo wenye adhabu iumizayo.

Na hiyo Ahqaf ni wapi? Wengi katika wanavyuoni wa tafsiri wameitaja kuwa ni nchi ya michanga iliyo baina ya Oman na Hadharamaut. Ibn Battuta naye, alipoieleza Dhofar, alisema kuwa Ahqaf iko karibu nayo. Yaani kijana wangu na wenzake watakapoiacha Thumrait nyuma yao na kuliona wingu limelala juu ya milima, watakuwa jirani na mahali ambapo kaumu nzima iliona wingu ikashangilia. Sisemi kwamba manyunyu ya kharifu ni adhabu, hasha! Ni neema inayoonekana kwa macho. Lakini Salalah hiyo hiyo, mwezi wa Mei mwaka 2018, ilipigwa na kimbunga kilichoitwa Mekunu, kikamwaga kwa siku chache mvua inayozidi ile wanayoipata kwa miaka kadhaa, mabonde yakajaa, njia zikakatika na watu wakafa. Kimbunga kile nacho kilianza kwa mawingu.

Wala anga jeupe lisimhadae mtu. Wazee wenzangu watakumbuka kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani, tarehe 22 Novemba 1963. Asubuhi ya siku ile mvua ilinyesha katika mji wa Fort Worth alikolala. Alipofika Dallas mawingu yalikuwa yameondoka na jua limetoka. Motokaa yake ilikuwa na kifuniko cha plastiki kinachoonyesha, kilichotengenezwa kwa ajili ya siku za mvua. Na kwa kuwa hewa ilikuwa nzuri, hakikuwekwa. Akapita baina ya watu, kichwa wazi, mkewe kando yake, mpaka risasi zikamfika. Kifuniko kile hakikuwa cha kuzuia risasi, na ajali ya mtu haipingwi na plastiki. Sitaki msomaji adhani kuwa nasema kingemwokoa. Nilitakalo ni hili: watu wa Adi waliona wingu limekuja wakafurahi, na watu wa Dallas waliona wingu limeondoka wakafurahi, na wote walikuwa wakilisoma anga kwa macho tu.

Mafundisho ya Mtume, basi, yana furaha na hofu katika kifua kimoja, na wala moja haikuifukuza nyingine. Mwenye motokaa ya paa la kufunguka amepewa kitufe kimoja, juu na chini, na kitufe hicho chamdai yote mawili kila siku ya safari.

Sasa nimweleze kijana wangu, na kila mwenye kupanda chombo kama hicho, mambo ya kazi.

Paa likiwa la turubali, alijaribu kabla ya kuondoka Maskati, alifungue na kulifunga mara mbili tatu, na ahakikishe kuwa limeshika juu ya kioo cha mbele. Asingoje kujifunza mlimani. Motokaa nyingi za siku hizi huruhusu paa lifungwe hali gari lakwenda polepole, kilomita 50 hivi kwa saa au pungufu, na kazi yote huchukua sekunde 10 hadi 20. Nyingine hukataa kabisa mpaka gari lisimame. Hata ile inayoruhusu, naona ni bora kusimama pembeni. Paa likiwa nusu limeinuka ni kama tanga, na kila mtu wa pwani ajua tanga hufanya nini likikamatwa na upepo wakati wa kupanguswa. Kusi ya Dhofar si ya kuchezewa.

Mahali pa kusimama ni kabla ya ukungu. Wakiiona miti ya ubani, au wakiona mbele yao weupe umelala juu ya mlima kama pamba, wasimame nje ya barabara kabisa, walifunge, wawashe taa za chini. Taa kubwa hazisaidii kitu katika ukungu. Mwanga wake hurudi machoni mwa mwenye kuziwasha. Wasisimame ndani ya ukungu kando ya njia ili wafunge paa, kwani anayekuja nyuma haoni. Na kama ukungu umewatangulia, paa likiwa bado liko wazi, basi walowe. Nasema tena, walowe! Waende polepole mpaka wapate mahali pa kutokea, na maji yawaingie. Kanzu hukauka, na viti vya gari vina gharama yake, na wakodishaji watawadai. Deni hilo hulipika.

Kuna dua za Mtume kwa kila hali hizi, na vijana wengi wamezihifadhi chuoni wakazisahau barabarani. Iko dua ya kupanda chombo, ambayo asili yake ni katika Sura az-Zukhruf. Ndani yake mpandaji hukiri kuwa si yeye aliyekitiisha chombo kile, na humalizia kwa kukumbuka kuwa atarejea kwa Mola wake. Yafaa aisome kwa maana hiyo, ufunguo ukiwa mkononi. Upepo ukivuma, tumekatazwa kuutukana, na tumefundishwa kuomba heri yake na kujikinga na shari yake. Mvua ikinyesha tuombe iwe yenye manufaa. Na ikizidi, Mtume alipoombwa na Mwarabu wa shamba siku ya Ijumaa, baada ya mvua ya wiki nzima, aliomba iwanyeshee pembezoni na isiwanyeshee wao. Hakuomba iondoke duniani.

Wale wenye familia wana jambo la zaidi. Gari hizi hukodiwa na waume pia, wakiwa na wake zao na mama zao, na huku kwetu arusi za mijini zimeanza kuzipenda. Bwana afunguaye paa bila ya kumuuliza mkewe amemkosea adabu. Upepo wa kilomita 80 kwa saa hauheshimu buibui wala mtandio. Mwanamke hushika kichwa kwa mikono miwili safari nzima, hana raha, na mumewe mbele afurahia upepo. Mama mtu mzima naye huumwa sikio na shingo siku mbili baadaye, akanyamaza kwa kumwonea haya mwanawe. Waulizwe, na wakisema lifungwe, lifungwe. Watoto ndio zaidi. Mtoto katika gari wazi hutaka kusimama kitini na kushika hewa kwa viganja vyake, na wako wazee wanaompiga picha badala ya kumkalisha. Motokaa isiyo na paa haina cha kumzuia asirushwe nje ila mkanda. Afungwe mkanda, alie akitaka kulia.

Na jua lisisahauliwe, maana wanaoogopa mvua huliacha jua liwale. Baina ya Adam na Haima, mchana wa Julai, paa liwe limefungwa. Upepo wa mwendo humdanganya mtu akadhani amepoa, hali ngozi yaungua na maji ya mwili yanakauka. Hufika Haima kichwa chamgonga, macho mekundu, akaendelea na safari naye hafai kushika usukani. Saa za paa wazi jangwani ni baada ya alfajiri na baada ya alasiri. Usiku ni kuzuri, nyota ni nyingi, lakini usiku ni wakati wa ngamia pia.

Nimesikia vilevile kuwa wako wanaokimbia katika ukungu ili waiwahi magharibi mjini. Hawa wamejitaabisha bure. Mwenye safari ndefu kama ile amepewa ruhusa ya kupunguza sala na kuzikusanya, na magharibi yaweza kuakhirishwa ikasaliwa pamoja na isha, kwa nia iliyowekwa kabla wakati wa magharibi haujatoka. Ruhusa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake, nasi tunaikataa kisha tunahatarisha roho kwa kisingizio cha ibada!

Wakishafika Salalah, na wakae mjini au pwani, watakuta rasharasha ile nyepesi isiyolowesha upesi. Mahali palipo sawa, gari limesimama, hapana mtu nyuma yao, na wafungue paa wakitaka, wanyeshewe kidogo kwa nia ile aliyoifanya Mtume. Wapanguse viti baadaye.

Wakati wa kurejea watapanda mlima ule ule ndani ya ukungu, paa limefungwa na taa zinawaka. Upande wa pili, karibu na Wadi Dawkah, jua litakuwa limerudi, na hapo vijana watakuwa na haraka ya kulikunja turubali. Wasilikunje likiwa limelowa. Turubali likikunjwa na maji yake huota kuvu, likanuka uvundo, na mishono yake ikaoza. Waliache lipigwe na upepo mkavu wa jangwani mpaka Thumrait. Hapo wateremke, wanywe chai, walipapase kwa kiganja juu na ndani ya mikunjo. Likiwa kavu, na walifungue.